Uliza Fundi: Hita ya jua kwenye nyumba ya pwani

Tangu kusi lianze kuvuma, barua za maji ya moto zimejaa mezani. Nyingi zimetoka Malindi na Lamu, na karibu zote zinauliza habari za jua: kama linatosha, paneli ielekee wapi, mawingu yakitanda itakuwaje. Jua la pwani halina neno. Kinachoua hita za huku ni chumvi, na maji kukatika. Tumetanguliza barua zinazogusa hayo mawili. Za jua zitafuata.

Tunajenga Ngala, Malindi. Tuko watu sita nyumbani. Duka limetushauri hita ya mirija ya kioo, fundi wetu anashikilia ile ya paneli bapa. Tofauti yake ni nini, na tangi la ukubwa gani litatutosha? — Mama Z.

Mama Z., paneli bapa ni kisanduku cha alumini chenye kioo kigumu juu. Ndani yake mna bati jeusi lililoshikana na mabomba membamba ya shaba, na chini ya bati kuna sufi ya kuzuia joto lisitoroke. Jua hupasha bati, bati hupasha shaba, shaba hupasha maji. Maji yakishika moto huwa mepesi, basi hupanda na kuingia kwenye tangi lililokaa juu ya paneli. Ya baridi, ambayo ni mazito, huteremka kutoka chini ya tangi na kuingia paneli kwa chini. Mzunguko huo hujiendesha tangu asubuhi mpaka jioni bila pampu wala stima.

Mirija ya kioo hufuata kanuni ile ile. Ila kila mrija ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na hewa iliyokuwa kati yake imenyonywa yote, kwa hiyo joto likishaingia halina njia ya kutokea. Ni sifa kubwa kwa nchi zenye barafu. Malindi hewa ya mchana ni nyuzi 27 hadi 30 na zaidi, joto la kutoroka ni dogo, na faida ya mirija inapungua sana. Tena mirija hupitiliza: mkisafiri juma zima, maji huchemka tangini.

Nafuu ya mirija ni bei ndogo, na kwamba mmoja ukivunjika hununuliwa huo mmoja tu. Lakini zile za bei nafuu, ambazo mirija imechomekwa moja kwa moja tangini kwa raba, hazihimili presha. Zinataka maji yateremke yenyewe kutoka tangi la juu. Kama nyumba yenu itakuwa na pampu ya kusukuma maji mabafuni, hita ya namna hiyo itavuja kwenye raba zote. Sisi tungewashauri paneli bapa, mfuko ukiruhusu. Fundi wenu ana hoja.

Kuhusu ukubwa, hesabuni lita 25 hadi 30 za maji ya moto kwa kila mtu kwa siku. Lita 30 za nyuzi 55 zikichanganywa na maji ya mferejini ya nyuzi 27 hutoa karibu lita 65 za kuogea zenye nyuzi 40, na hapo na vyombo vitaoshwa. Watu sita, tangi la lita 200. Tangi hilo linataka paneli ya mita 2 za mraba, au mirija 20 ya ule urefu wa kawaida wa mita 1.8. Msikubali tangi la lita 300 kwa paneli hiyo hiyo moja eti ni ofa: mtapata maji mengi ya vuguvugu.

Tuna nyumba ya wageni Shela, Lamu. Tangi la hita ni la stenlesi, tuliambiwa halishiki kutu, na mwaka wa tatu limeanza kuvuja. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo tu. Je, lichomelewe? — Msomaji, Shela

Lisichomelewe. Stenlesi hushika kutu, ila kwa namna yake: badala ya kuchakaa uso mzima kama bati, hutoboka vitundu. Ukivua ganda la nje na kuondoa sponji, tazama penye mshono wa chini. Utaona kitundu kisichozidi ncha ya sindano, kimezungukwa na doa la rangi ya chai. Ni kazi ya kloraidi, ile sehemu ya chumvi inayopenya utando unaolinda chuma, na maji yakiwa ya moto hupenya upesi zaidi. Mshono ndio mahali dhaifu. Ukichomelea, umeongeza mshono mwingine.

Hiyo "chumvi kidogo tu" ndiyo yenye maneno. Ulimi wa binadamu huanza kuhisi chumvi pale kloraidi inapofika miligramu 200 hadi 300 kwa lita. Maana yake, kisima ambacho chumvi yake unaionja kimeshapita kiwango ambacho stenlesi ya kawaida, ile iliyopigwa namba 304, inaweza kuvumilia maji yakiwa ya moto. Stenlesi namba 316 hustahimili zaidi, lakini nayo ina kikomo. Visima vya Shela maji yake matamu ni ya mvua iliyohifadhiwa na vilima vya mchanga, na vilivyo karibu na bahari vikivutwa sana hupanda chumvi. Kisima kilichopimwa mwezi wa Juni baada ya masika kinaweza kuwa kingine kabisa mwezi wa Machi. Pima Machi.

Zipo njia mbili za maana. Ya kwanza ni tangi la chuma lililopakwa utando wa kioo ndani, lenye fimbo ya magnesiamu. Magnesiamu huliwa na chumvi kwanza ili chuma kisalimike. Fimbo hiyo ndiyo uhai wa tangi, na ndiyo isiyokumbukwa na mtu. Kwa maji ya kisima cha Shela ifunguliwe kila baada ya miezi 6: funga maji yanayoingia, punguza presha, legeza nati yake kwa spana, vuta. Ikiwa imeliwa nusu, au waya wa katikati umeanza kuonekana, weka mpya. Kuweka hita kisha kusahau fimbo ni sawa na kununua tangi la miaka mitatu.

Ya pili, na kwetu ndiyo bora, ni kuilisha hita maji ya mvua. Wazee wa visiwa vya Lamu walijenga majabia, yale matangi ya kuhifadhi maji ya mvua, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba maji ya kisima hayafai kwa kila kitu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 200 hukupa lita 12,000, ukitoa kidogo zinazopotea. Kwa nyumba inayotumia lita 150 za moto kwa siku, hizo ni zaidi ya miezi miwili. Hita iwe na tangi lake la kuilisha, lisichanganywe na la kisima. Choo na bustani viendelee na kisima.

Jambo jingine la maji ya visiwani ni ukoko mweupe wa chokaa, ambao huganda upesi maji yakipita nyuzi 60. Paneli ikianza kutoa maji ya vuguvugu jua likiwa kali, mabomba ya shaba yamezibwa. Changanya gramu 50 za unga wa asidi ya ndimu kwa kila lita ya maji, izungushe ndani ya paneli kwa saa tatu nne, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Asidi kali ya kusafishia vyoo usiitie kabisa, itamaliza hata kile kilichosalia.

Maji yalikatika siku nne mtaani kwetu Malindi. Yaliporudi adhuhuri, tulisikia mlio juu ya paa, mirija saba ikapasuka kwa pamoja. Tumeuziwa hita mbovu? — Baba S.

Hita haina kosa, Baba S. Maji yalipokatika, watu waliendelea kufungulia mfereji wa moto mpaka tangi likakauka. Mirija, kwa kuwa iko chini ya tangi, ilibaki na maji yake, karibu lita 2 na nusu hadi 3 kila mmoja. Yakachemka kidogo kidogo, siku ya kwanza, ya pili, na mrija ukaanza kukauka kutoka juu. Kioo kikavu cha namna hii juani hupita nyuzi 200. Maji baridi yakiingia hapo adhuhuri, kioo hakina hila.

Maji yakikatika, funga vali inayoingiza maji kwenye hita siku hiyo hiyo. Usingoje. Na mfereji wa moto usiguswe tena. Zikipita siku mbili, funika mirija kwa turubai au mkeka. Maji yakirudi, usifungue vali mpaka usiku umeingia sawasawa, saa tatu hivi, au alfajiri kabla ya jua. Ukiweka mirija mipya, lowesha raba kwa maji ya sabuni na uzungushe mrija ukiusukuma taratibu. Usipake mafuta, huharibu raba.

Ukiwa juu huko, kagua na ile mirija iliyobaki. Kwenye ncha ya chini ya kila mmoja kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia katikati ya vioo na mrija huo haushiki joto tena, ingawa kwa macho ni mzima.

Halafu tazama bomba dogo la pumzi juu ya tangi. Hita isiyo ya presha lazima ipumue. Tumeona watu wakiliziba kwa sababu "linatoa mvuke", na nyigu nao huja kujenga humo. Likizibwa, siku maji yanapovutwa kwa kasi tangi hunyonywa likajikunja kama chupa ya plastiki.

Nyumba yetu ni ya mawe, Mkomani, Lamu, ya mababu. Juu ni sakafu ya boriti na chokaa. Itahimili hita? Na kuna ruhusa inayotakiwa? — Ndugu wawili, Mkomani

Uzito kwanza. Tangi la lita 200 lililojaa, pamoja na paneli na fremu yake, ni kilo 300 na ushei. Ya mirija huongeza lita zaidi ya 50 zilizo ndani ya mirija. Sakafu ya chokaa tayari ni mzigo mkubwa, na boriti za zamani zina mpaka. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, upana wake hauzidi mita tatu. Msiweke miguu ya fremu katikati ya chumba. Wekeni mihimili miwili ya kutoka ukuta hadi ukuta, ikalie kuta zenyewe, na fremu ikae juu ya mihimili. Kabla ya hapo ingieni chumba cha chini na mgonge ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Boriti nzima hulia kwa sauti kavu. Ikilia bubu au ikamwaga unga, mchwa wamo, na kazi ya kwanza ni boriti.

Msitoboe chokaa kwa bolti, kila tundu ni njia ya mvua. Fremu ishikwe na kuta za pembeni, maana hita tupu ni nyepesi na upepo wa kusi huinua.

Ruhusa inatakiwa. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya nje ya nyumba hupitia kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nendeni na mchoro mdogo unaoonyesha mahali pa kuweka. Hita iliyojificha nyuma ya ukuta wa paa, isiyoonekana kutoka njiani wala baharini, ni rahisi kuitetea. Hapo paneli bapa yenye tangi lililolazwa ina nafuu, kwa kuwa haipandi juu sana.

Chuma cha fremu kiwe alumini, na bolti za stenlesi. Fremu ya chuma kilichopakwa rangi tu haimalizi misimu mingi kwa hewa ya bahari. Na bomba la shaba lisiunganishwe moja kwa moja na bomba la chuma cha mabati. Kati yake wekeni kiungo cha shaba nyeupe au cha plastiki ya maji ya moto, la sivyo chuma kitaliwa penye kiungo.

Hita ya jua itanipunguzia tokeni kweli? Tunayo, lakini bili haijashuka hata shilingi. — Msomaji, Malindi

Swichi ya elementi iko wapi? Tunakisia iko washa tangu siku ya kwanza. Elementi ile ya ndani ya tangi ni ya siku za mawingu mazito. Ikiachwa, inapasha maji usiku kucha, asubuhi jua linakuta tangi limeshashika nyuzi 60 na halina kazi ya kufanya. Izime. Siku ya mvua iwashe baada ya magharibi: elementi ya wati 1,500 huchukua karibu saa tatu kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 30 hadi 50, kiasi cha yuniti 4.7. Fundi wa stima aiwekee saa ya kujizima, na waya wake upite kwenye swichi inayokata stima ikivuja.

Faida yenyewe ipige hesabu mwenyewe. Lita 1 ya maji kupanda nyuzi 1 inataka wati-saa 1.16. Lita 150 kutoka nyuzi 27 hadi 55 ni yuniti 4.9 kwa siku, karibu 147 kwa mwezi. Zidisha na bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya tokeni. Ikiwa, tuseme, ni shilingi 30, ni shilingi 4,400 kwa mwezi. Lakini hiyo ni kwa anayetumia lita 150 kila siku. Familia inayooga kwa shawa ya stima ya kilowati 5, watu sita dakika sita sita, inakula yuniti 3 kwa siku, na hiyo ndiyo inayookolewa, si zaidi.

Na tuseme wazi: mtu na mkewe wanaooga maji ya baridi miezi kumi, wakataka ya moto Julai na Agosti tu, hita hii hairudishi fedha zake. Nyumba za wageni, wenye wazee au watoto wachanga ndani, na mama ntilie wanaoosha masufuria ya mafuta kila siku, hao ndio inaowafaa.

Paneli ielekee wapi? — Wasomaji kadhaa

Kaskazini. Malindi na Lamu ziko kusini kidogo ya ikweta, nyuzi 2 hadi 3 tu, kwa hiyo kwa mwaka mzima tofauti si kubwa. Ila miezi ya baridi na mawingu, Mei hadi Agosti, jua liko upande wa kaskazini, na ndiyo miezi ya kuhitaji maji ya moto. Desemba linahamia kusini na paneli itapoteza kiasi, lakini Desemba nani analalamika? Ukikosa dira, kibla cha huku kwetu ni kaskazini karibu kamili: paneli itazame unakotazama ukiswali.

Mwinuko uwe nyuzi 15. Ukiilaza kabisa mzunguko wa maji unazorota, na vumbi na chumvi vinaganda juu ya kioo. Kioo kioshwe kwa maji matamu kila wiki mbili wakati wa kusi, alfajiri, kamwe si kikiwa cha moto. Tazama pia kivuli cha mnazi saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, si saa sita tu.

Maji yetu jioni ni ya moto sana, alfajiri yamepoa. — Msomaji, Lamu

Kama tangi limetenganishwa na paneli, pima kimo. Kitako cha tangi kizidi ukingo wa juu wa paneli kwa sentimita 30 au zaidi. Kisipozidi, usiku mzunguko hugeuka: maji ya moto yanashuka paneli na kupozwa na anga. Kama kimo hakina kosa, kagua sponji nyeusi ya bomba. Jua huila ikawa unga, kwa hiyo ifunikwe kwa utepe wa alumini. Na bomba refu nalo huiba: mita 20 za bomba la PPR, lile la plastiki ya maji ya moto, la milimita 25 hubeba zaidi ya lita 4, ambazo hupoa kila mara mfereji ukifungwa. Bomba la milimita 20 linatosha kwa bafu moja. PPR iwe ya alama PN20, yaani ya kuhimili presha kubwa, na mita ya kwanza kutoka kwenye hita iwe ya shaba.

Binti yangu amejifungua, tunamkanda kwa maji ya hita. Yanafaa? — Bibi, Malindi

Hongera, bibi. Yanafaa, ila adhuhuri ya jua kali maji ya tangi hupita nyuzi 70, na hata ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Tia maji ya baridi kwenye beseni kwanza, ndipo uongeze ya moto, ukijaribu kwa kiwiko. Ya kumwogeshea mtoto yawe nyuzi 37. Mwambie fundi aweke vali ya kuchanganya penye bomba linalotoka tangini, aifunge kwenye nyuzi 50, ili mjukuu akija kujifungulia mfereji mwenyewe asiungue.